Kazi ya Mwanafunzi Ina Mwenyewe

Kila mwaka nasikia wanafunzi wa chama chetu cha filamu wakirithishana kanuni moja kana kwamba ni aya: ukitumia wimbo wa mtu kwa muda usiozidi sekunde 30, huna hatia. Kanuni hiyo haipo. Haimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wala katika sheria ya Marekani ambako wengi hudhani ndiko ilikotoka. Sheria yetu huruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti, uhakiki na kuripoti habari, tena kwa kumtaja mwenye kazi. Wimbo uliotiwa ili filamu inoge tu ni vigumu kupenya hapo. Hata leseni anayolipia mwenye redio au televisheni ili apige nyimbo hewani haimruhusu mtoto kuuweka wimbo kwenye picha zake. Ruhusa hiyo huombwa kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi, na mara nyingi hao ni watu wawili.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alinuna nilipomweleza hayo. Alikuwa ametia taarabu ya zamani kwenye filamu yake ya mama muuza viazi vya karai. Akaitoa, akaacha mafuta yakichacharika na mama akihesabu chenji kwa sauti. Nilifurahi, lakini somo kubwa lilikuja baadaye. Kituo kimoja cha televisheni kilipoitaka filamu ile, barua iliandikwa kwa mwalimu mkuu. Kijana hakutajwa popote. Sisi tuliomkataza kugusa jasho la mwanamuziki tulikuwa karibu kuligawa jasho lake bila kumuuliza. Mwanafunzi hakuajiriwa na shule. Alichokibuni na kukirekodi ni chake tangu siku ile ile, hata kama kamera ni ya shule.

Tukamwita na mamake. Wakaisoma barua mstari kwa mstari, wakauliza itarushwa mara ngapi na jina lake litaonekana wapi. Sijamwona tena akichukua wimbo wa mtu ovyo.

Walimu wenzangu, kabla hamjatuma kazi ya mtoto kituoni, pateni idhini yake na ya mzazi kwa maandishi, mseme itarushwa wapi na kwa muda gani. Nakala moja abaki nayo yeye.