Utundu unataka uwanja

Mwanangu ana miaka miwili, na kila kilicho chini ya kiuno changu amekifanya mali yake. Anafungua kabati, anatoa sufuria, anamwaga mchele na kuusambaza hadi uvunguni mwa kitanda. Uji akishashiba anaupaka mezani kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama fundi anayepiga lipu. Nampenda hivyo alivyo. Mtoto wa umri huu asiyegusa kitu ndiye angenitia wasiwasi.

Hapa Göteborg, Uswidi, utundu huo una gharama ambazo nyumbani Tanga sikuziona. Sakafu ya nyumba tuliyopanga ni ya mbao. Maji yakikaa inavimba, na siku ya kuhama itakaguliwa. Jirani wa chini anasikia kila sufuria inapoanguka. Mashine za kufulia ni za wapangaji wote na zamu huandikishwa mapema, kwa hiyo mtoto akitapikia mashuka siku isiyo yako, yanakaa kwenye beseni bafuni yakingoja. Mwezi wa Desemba jua linazama karibu saa tisa na nusu alasiri. Baba yake akiwa kazini, tunabaki mimi na yeye tu, vyumba viwili, taa zimewashwa, na hakuna hata mtu wa kumwambia, "Nishikie huyu nikoge."

Tulipokwenda Tanga kwa mama yangu, mtoto alifanya fujo zile zile, lakini mimi nililala usingizi. Sakafu pale ni ya saruji: maji yakimwagika unayasukuma kwa ufagio hadi nje, basi. Mchele ukimwagika uwanjani kuku wanaumaliza. Na watu wapo! Shangazi yake yupo, binamu zake wakubwa wapo, na jirani huingia bila hodi ndefu, akamnyanyua na kwenda naye kwake. Siku moja alipindua ungo wa unga. Mama alimtazama, akasema, "Mume wangu, unga wote huu umemwaga, mimi utanilisha nini leo?" Kisha akachomoa chelewa chache kwenye ufagio wake, akazifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akampa kifagio cha kimo chake. Mtoto alifagia, akatawanya, akafagia tena, mpaka akasinzia mkekani na kifagio mkononi. Hakukatazwa kitu. Alipewa kazi.

Tanga nako kuna hatari zake, tena kubwa. Jiko la mkaa liko chini, linafikika. Ndoo ya maji haina mfuniko. Ziko nyumba ambako mafuta ya taa bado hutiwa kwenye chupa ya soda, na mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda huwa na nini. Katika fleti yetu hapa madirisha yana vifungo ambavyo mtoto havimudu, na jiko limekazwa lisiweze kupinduka akiliparamia. Hilo ningependa kuliona kila nyumba ya kwetu.

Lakini kilichonigusa zaidi Uswidi ni jinsi walivyoamua kwamba fujo za mtoto mdogo si mzigo wa mama peke yake. Mwaka 1979 walikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, na habari ya sheria hiyo ilichapishwa kwenye paketi za maziwa ili ifike kwenye meza ambako maziwa humwagika. Hawakuishia kumwambia mzazi "usipige". Walimpa na muda: siku 480 za likizo ya malipo kwa kila mtoto, wazazi wagawane, na siku 90 za kila mmoja haziwezi kuhamishwa kwa mwenzake. Tanzania mama aliyeajiriwa anapata siku 84, baba 3. Tangu Julai 2024 mzazi hapa anaweza hata kumkabidhi mtu mwingine, akiwamo bibi au babu, baadhi ya siku zake za malipo. Niliposoma hilo nilimkumbuka mama yangu na chelewa zake.

Kisha kuna mahali pa kwenda. Vituo vya wazi vya malezi, vya halmashauri au vya kanisa, havina ada wala kujiandikisha. Unaingia na mwanao, unabaki naye, anapaka rangi, anamwaga maji kwenye beseni, na anayefuta si wewe peke yako. Nje nako hawaogopi matope: watoto huvishwa suruali za mpira hadi kifuani na kuachwa wakae kwenye dimbwi. Mwanangu hurudi amechoka, na jioni kabati la sufuria linapumzika.

Ndiyo maana nawaza sana kuhusu Dar es Salaam na Nairobi. Ndugu zetu wengi huko sasa wanaishi kama mimi: ghorofa ya tatu, vyumba viwili, chini pamejaa magari. Bibi yuko kijijini. Mtoto anashinda na dada wa kazi, mara nyingi msichana ambaye naye bado anahitaji kulelewa, mlango umefungwa na simu imewashwa ili mtoto atulie. Akimwaga, kofi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema adhabu haina uhalali kwa mtoto ambaye, kwa udogo wake, hawezi kuelewa sababu yake. Wa miaka miwili ndiye huyo hasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza viboko kwa mtu yeyote. Kofi linaendelea kwa sababu aliyelitoa amechoka na hana pa kumpeleka mtoto.

Tunajisifu kwamba sisi tunalea kwa pamoja. Tulilea kwa pamoja tulipokuwa na uwanja wa pamoja, na uwanja huo tunaujengea fremu za maduka. Kumbi za makanisa nyingi hukaa tupu katikati ya juma. Viwanja vya shule navyo hukaa tupu wakati wa likizo. Serikali ya mtaa ikivifungua asubuhi mbili kwa juma, kukawa na mchanga, maji, mabeseni na mama mtu mzima mmoja anayelipwa kusimamia, gharama yake ni ndogo. Na pale ambapo hakuna ukumbi, akina mama watatu wa jengo moja wanaweza kupeana zamu: leo watoto wote kwangu, kesho kwako, na wawili wanaobaki wafue, walale, au wakae tu.