Chamchela Siyo Kimbunga



Mwanzoni mwa Mei 2024, redio zilipotangaza kuwa Kimbunga Hidaya kinakaribia Mafia, mwanafunzi wangu wa Juzuu Amma aliniuliza kwa hofu: "Ustadhi, kikifika Dodoma kitakuwa kama kile cha uwanjani?" Alikusudia chamchela. Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana, kwani tumezoea kuuita kila upepo wa kuzunguka kimbunga.

Tazameni upepo umeanzia wapi. Chamchela huanzia ardhini. Wakati wa kiangazi, mashamba yetu yakiwa matupu na jua likiwaka, ardhi hupata joto kali. Hewa iliyo karibu nayo hupanda kwa kasi, ikajizungusha na kuinua vumbi. Mbingu huwa haina hata wingu. Dakika chache tu, imekwisha. Wapo wasemao mna jini ndani yake, na watoto huirushia mawe. Huenda neno lenyewe limechangia, maana pepo ni wingi wa upepo, na pepo pia ni shetani. Majini wapo, hilo tumeliamini; ila mimi sioni haja ya kumtafuta jini panapotosha jua na vumbi. Tena Mtume (s.a.w.) alikataza kuutukana upepo, akafundisha tuombe kheri yake na tujikinge na shari yake.

Tonado hutoka juu. Wingu kubwa la radi huzunguka, kisha mkia wake hushuka mpaka chini mfano wa mkonga wa tembo. Zile kali kabisa hupita kilomita 400 kwa saa. Iliyopiga Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989 iliua watu wapatao 1,300.

Hidaya ilikuwa ya tatu, ya baharini. Kimbunga cha namna hiyo hulishwa na maji ya bahari yenye joto, huenea mamia ya kilomita na kudumu siku kadhaa. Lindi walikiona Aprili 1952. Kikipanda nchi kavu hupungua nguvu, na sisi tuko mbali na pwani. (Jina Hidaya, lenye maana ya uongofu, lilitoka katika orodha inayopangwa mapema na nchi za ukanda huo.)

Chamchela ikiingia uwanjani, fumbeni macho, kumbatieni misahafu, na aliye karibu na dirisha alifunge.