HAING'OLEWI, INAKATWA



Wiki hii tunabadilisha sakafu ya ofisi ya kanisa. Fundi alichelewa, nami nikashika nyundo na tindo nikaanza mwenyewe. Taili za katikati zilitoka vizuri. Nilipofika pembeni nikaona haziishii kwenye ukuta. Zinapita chini yake na kutokea chumba cha pili. Ukuta ule ulijengwa baadaye, juu ya sakafu iliyokuwapo. Nikaingiza tindo, nikainua kwa nguvu. Plasta ikapasuka kutoka chini hadi karibu na soketi.

Fundi alipofika akasema, "Pastor, hii haing'olewi, inakatwa. Iliyo chini ndiyo imebeba ukuta." Akafunga barakoa, akachora mstari kando ya ukuta, akapitisha grinda polepole. Grinda haifiki ukutani kabisa, kwa hivyo ukingo mwembamba uliobaki aliumalizia kwa tindo, akigonga taratibu. Taili zote za chumbani zikatoka. Kipande kilicho chini ya ukuta kikabaki, na skatingi itakifunika.

Nikamkumbuka dada mmoja. Naandika bila jina, kwa ruhusa yake. Miaka iliyopita alinijia akiwa ameokoka, ana mume na watoto. Kuna jambo alilofanya katika ujana, kabla hajamjua mumewe, na alikuwa ameshalitubu. Mimi kwa bidii yangu nikamwambia hatakuwa huru mpaka aliseme mbele ya mumewe na wazee wa kanisa. Alitii. Nyumba ile ikapasuka. Leo watoto hugawanya likizo kati ya baba na mama. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, lakini haabudu tena nasi.

Soma Mathayo 13:24-30. Watumishi waliotaka kung'oa magugu hawakuwa wabaya. Walikuwa na bidii. Lakini mwenye shamba aliwazuia, kwa sababu ngano ingetoka pamoja na magugu.

Mpendwa, sikuambii ufiche dhambi. Taili unayoikanyaga kila siku haiko chini ya ukuta. Kama bado unamtumia yule mtu ujumbe usiku, kata leo. Kama una deni la mtu, lipa. Lakini lile ulilokwisha kulitubu na kuliacha, na Mungu akajenga juu yake ndoa, watoto na huduma, usimkabidhi mtu mwenye nyundo na haraka, hata kama ni mchungaji. Mpelekee Bwana. Yeye anajua mstari upite wapi.

Ukija ofisini utauona ule ufa. Ni kazi ya mkono wangu.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kukata na hekima ya kutovuta. Waponye wale tuliowavunja tukidhani tunawasaidia. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu amekujia akilini, mwombee sasa hivi. Tuonane Jumapili.