Barua kwa Elibariki Kuhusu Kazi Yake ya Kuandika

Akheri, Arumeru

Mwanangu Elibariki,

Mguu wa baba yako umepona, bibi anakusalimu, kahawa tumeanza kuchuma.

Nakuandikia kwa sababu ya neno nililolisikia Jumamosi sokoni Tengeru, kwamba kwenye blogu yako mambo ya shamba umeyaacha, siku hizi unaandika udaku. Nilikataa katakata. Mjukuu wangu akafungua simu akanisomea: “Hutaamini alichofanya mchungaji huyu.” Jina lako liko pale chini. Nilisikiliza mpaka mwisho nisisikie alichofanya. Nilichosikia ni mtu wa Mungu kutiliwa shaka bure.

Najua hela ni ndogo. Pasaka ulinieleza mwenyewe kwamba Google hawakutumii hela za matangazo ya blogu mpaka zifike dola 100, nawe hata nusu hujafika. Inakatisha tamaa, sibishi. Lakini nikusimulie jambo.

Miaka ya themanini palikuwa na kijana hapa kwetu, simtaji kwa kuwa wanawe wapo. Alikuwa akipeleka habari za huku gazetini: barabara, bei ya kahawa, Mto Tengeru ukifurika. Analipwa kwa habari iliyochapwa tu, tena kidogo na kwa kuchelewa. Gazeti likifika dukani mmoja anasoma kwa sauti, sisi tumezunguka. Tulimwamini. Siku moja akaandika habari ya uchawi, ikachapwa upesi, akaombwa nyingine. Ya tatu ikamhusu “mjane mmoja wa njia ya Nkoaranga”. Jina hakuliweka, lakini nani asiyemjua? Mama yule akaacha kwenda sokoni, akaacha hata kuja ibadani. Nilimpelekea maziwa, akayapokelea dirishani.

Baadaye kijana akagundua karani wa mizani anawaibia wakulima kilo. Ilikuwa kweli tupu, hata mimi niliibiwa. Akaandika, ikachapwa. Pale dukani watu wakacheka: “Huyu si ndiye wa wachawi?” Karani akaendelea kupima, nasi tukaendelea kuibiwa. Kalamu iliyoweza kututetea ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa vijisenti.

Ndiyo maana habari ya mchungaji imeninyima usingizi.

Ile makala yako ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ulimoeleza kwa nini miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inauhimili, jirani yetu aliichapisha steshenari akaibandika kwenye mlango wa stoo. Anaisoma akiwa na jembe mkononi. Hujalipwa kwa hiyo, lakini amepanda. Wala usivunjike moyo wasomaji wakiwa wachache: Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, ni wangapi hapa nchini walikuwa na intaneti nyumbani? Mwaka uliofuata, huko Helsinki, akamhimiza Issa Michuzi afungue blogu yake, naye Michuzi aliendelea na kazi yake ya kupiga picha gazetini. Nawe kazi ya duka la pembejeo usiiache.

Usikope kwenye simu ili ununue bando. Andika mara moja kwa wiki, lakini usikose. Mambo ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yaulize mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, blogu nyingi zilifungwa kwa kushindwa kulipa ada.

Baba yako alisema kukusomesha uandishi ni kutupa hela. Nikauza kahawa yangu mwenyewe nikakulipia, na mbele ya ukoo mzima nilisema kijana huyu atatusemea. Bado nasema hivyo, na sitaki baba yako apate la kunijibu.

Ifute habari ile leo, usingoje kesho. Mpigie mchungaji umwombe radhi kwa mdomo wako. Kisha andika namna ya kuanika kahawa kwenye vichanja, maana akina mama wa Sing'isi wananiuliza kila siku.

Shangazi yako