Kaseti Isiyo na Utepe

Ashukaye kutoka Kiriri kwenda mjini Bujumbura huona chini yake mapaa ya Rohero, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira katika nchi ya Kongo. Njia ni ya mteremko na kona, na gari kuukuu halina budi kwenda polepole. Basi dereva hupata wasaa wa kusikiliza. Katika njia hiyo tumesikiliza mengi kwa miaka mingi, na hapa twapenda kuwasimulia walimu wenzetu jinsi tulivyohangaika ili simu ya kisasa ipate kusema kwa kinywa cha redio ya zamani.

Gari letu ni Toyota Carina ya miaka ya tisini, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya mji huu: usukani uko kulia, ilhali nchini kwetu magari hupita upande huohuo wa kulia wa barabara. Hilo mtu hulizoea. Lisilozoeleka upesi ni redio. Wajapani walitengeneza redio za magari yao kwa masafa ya FM yaliyo baina ya megahezi 76 na 90, hali sisi, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, tunatangaza baina ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio hiyo hupata ncha tu ya matangazo ya kwetu. Wauza vipuri wana kijisanduku kifungwacho kwenye waya wa antena ili kuteremsha masafa. Kikiwa kinapunguza 16, kituo kilichoko 98 husomeka 82 katika kioo cha redio. Hiyo nayo, tukiulizwa sisi walimu wa lugha, ni tafsiri, ila mfasiri hajui anachosema.

Hatukukifunga kijisanduku hicho. Tulijaribu kwanza kirusha mawimbi kidogo, kile kichomekwacho katika tundu la kuwashia sigara, ambacho huipokea sauti ya simu na kuitangaza humo humo ndani ya gari kana kwamba ni kituo cha FM. Kwa redio ya Kijapani nafasi iliyobaki ni finyu mno, kutoka 87.5 hadi 90 tu. Tena Kiriri ni mlimani. Mawimbi ya FM husafiri takriban kama jicho linavyoona, na mahali paonapo bonde lote na ng'ambo ya ziwa ndipo pafikiwapo na vituo vingi zaidi. Hivyo huko juu wimbo wetu ulikuwa ukimezwa na mhubiri mwenye sauti kubwa. Tukizunguka kona na mlima ukatukinga, mhubiri alinyamaza na mwimbaji akarudi katikati ya ubeti. Abiria wetu walicheka. Sisi hatukufurahi.

Kilichotufaa ni kaseti isiyo na utepe. Kwa umbo ni kaseti kamili, sawa na zile ambazo kampuni ya Philips ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ila ndani yake mna vigurudumu vya meno na kichwa kidogo cha sumaku, na ubavuni hutoka waya uendao kwenye tundu la visikizio la simu. Redio hudhani imepewa utepe. Vigurudumu huzunguka ili isishuku. Kichwa cha kaseti hugusana na kichwa cha redio, na umeme wa sauti hugeuka kuwa sumaku yenye kupanda na kushuka, kama vile utepe wenyewe ungepita. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, lakini zipo kaseti za namna hii zenye betri ndogo, zinazopokea sauti kwa Bluetooth bila waya. Yetu ni ya waya. Kero yake ni moja: simu ikichajiwa kwa umeme wa gari wakati huohuo, spika hutoa mvumo unaopanda kila mafuta yakanyagwapo. Chaja ikichomolewa, mvumo hukoma.

Fundi mmoja wa Buyenzi, mtaa uliojaa mafundi na Kiswahili, alitutazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "toa hii, nikufungie ya kioo." Bei yake haikuwa mbaya, na kwa mtu asiye na kaseti tungemshauri akubali. Lakini sisi tuna sanduku. Humo mna Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari. Mna Khadja Nin, binti wa Burundi aliyeimba Kiswahili hata kikasikika Ulaya. Na mna kaseti nne za shangazi yetu marehemu, akisimulia hadithi uani kwake Buyenzi mwaka 1986, jogoo wa jirani akimkatiza. Kiswahili chake hakimo katika kitabu chochote tunachofundishia. Kirundi kimeingia ndani yake bila kubisha hodi, na pale ambapo sisi tungeweka kituo, yeye huvuta pumzi na kuuliza, "Mnanisikia?"

Redio ya gari ndiyo mashine ya pekee tuliyobaki nayo iwezayo kuzicheza kaseti hizo, na kila zikichezwa utepe hulika kidogo. Joto la gari lililoegeshwa juani ni adui mwingine. Kwa hiyo fundi, baada ya kucheka, alikubali kazi nyingine: aliifungua redio, akalehemu waya mwembamba wa kutolea sauti, nasi tukaipeleka sauti hiyo katika kompyuta. Kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60; hapana njia ya mkato. Tulikaa garini jioni tatu, injini imezimwa, madirisha yamefungwa ili mbwa wa jirani wasiingie katika hadithi.

Sasa shangazi yumo ndani ya simu. Tukishuka asubuhi na wanafunzi wawili watatu, twaichomeka kaseti isiyo na utepe naye hutoka katika spika zilezile, mwanafunzi mmoja hujibu kila mara, "Tunakusikia." Zimenakiliwa tatu. Ya nne ni ya dakika 90, utepe wake ni mwembamba zaidi na umekunjamana karibu na mwanzo. Fundi ameahidi kuja Jumamosi na bisibisi ndogo.