Jina Langu Chini ya Kazi ya Rafiki

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu mimi ulikuwa mdogo hata haukuonekana kwa macho: nafasi moja tupu, iliyofutwa katika mstari mmoja. Hebu nikusimulie, ndugu msomaji.

Muhula uliopita chama chetu cha kompyuta kilikuwa kinajitayarisha kwa siku ya wazazi. Mimi na rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, tulipewa kompyuta kuukuu inayotumia Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini. Kiini chake huitwa kerneli, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Hata simu za Android huendeshwa na kerneli hiyo.

Sasa, kila faili ina njia yake, yaani anwani. Kerneli ikitaka kuichapisha, huanza na jina la mwisho, kisha huuliza, "Mzazi wako ni nani?" Ikijibiwa, humwuliza mzazi huyo naye swali lilo hilo, mpaka ifike kwenye mzizi, ambao huandikwa kwa mkwaju mmoja. Ni kama mzee anavyomhoji mtoto aliyepotea sokoni.

Tulichomeka flashi iliyoitwa PICHA ZETU. Katika orodha ya kerneli inayoitwa /proc/mounts, jina likatokea hivi: PICHA\040ZETU. Rafiki yangu akaguna. "Aka! Wazazi watatucheka." Akatafuta ndani ya msimbo hadi akapata mstari unaotaja alama ambazo lazima zifichwe kwa namba. Nafasi ilikuwa mojawapo. Akaifuta. Basi, kazi ikaisha.

Lakini mwalimu mlezi wetu ana sheria moja aliyoiga kwa watu wa Linux wenyewe: badiliko haliingii mpaka mwenzako alikague na kuandika jina lake chini. Rafiki yangu akanijia wakati wa prepu. "Andika jina bwana, ni herufi moja tu!" Nikatupa jicho. Kweli, ilikuwa moja. Kengele ilikaribia kulia. Nikaandika.

Kompyuta ilikesha ikijenga kerneli mpya. Jumamosi asubuhi orodha ilipendeza: PICHA ZETU. Tukapeana mikono. Kisha nikaendesha programu yetu ndogo inayotaja aina ya kila diski. Nilitarajia ijibu vfat. Ikajibu ZETU. Lo!

Hapo ndipo nilipofahamu. Orodha ile haisomwi na macho ya watu peke yake. Programu nyingi huisoma pia, na kila mstari una sehemu 6 zinazotengwa kwa nafasi: kifaa, mahali kilipo, aina yake, na kadhalika. Ile \040 ndiyo huiambia programu kwamba nafasi hii ni ya ndani ya jina. Ukiiondoa, jina moja huwa mawili, na vyote vinavyofuata husogea hatua moja, kama foleni ya chakula mtu akichomeka mbele.

Nikamwambia rafiki yangu. Akajibu, "Flashi zenye nafasi ni ngapi? Nyamaza tu, nani ataona?" Nikasema jina langu liko pale chini. "Kumbe jina lako ni bora kuliko urafiki wetu?" Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi. Yeye alikosea akijaribu. Mimi nilishuhudia jambo nisilolisoma.

Nilienda kwa mwalimu miguu ikinitetemeka. "Mwalimu, niliweka jina bila kukagua." Hakunigombeza. Alinipa kifutio akasema, "Lifute, kisha ukasome."

Siku mbili rafiki yangu alikaa dawati la nyuma, hanisemeshi. Siku ya tatu nilimfuata, si kwa lawama bali kwa kazi. Nilipendekeza kerneli tuirudishe ilivyokuwa, halafu programu yetu ya maonyesho ndiyo igeuze \040 kuwa nafasi wakati wa kuonyesha watu. Akatazama nilichoandika, akacheka. "Wewe nawe! Unageuza kabla ya kutenga sehemu. Shida itarudi ile ile. Tenga kwanza, ndipo ugeuze." Ilikuwa kweli kabisa. Safari hii yeye ndiye aliyenikagua.

Siku ya wazazi PICHA ZETU ilionekana vizuri, na diski zote zikatajwa aina zake sawasawa. Hakuna mzazi aliyeuliza lolote. Lakini chini ya kazi ile kuna majina yetu mawili, na kila moja limesomewa.

Sasa tumerudi dawati moja. Akiniletea kazi haniambii tena niandike jina. Husema, "Soma kwanza."