Mizani Haisemi Yote

Msomaji wangu, miongoni mwa mambo ambayo wanadamu huyatolea hukumu upesi, la kwanza ni mwili wa mtu mwingine. Mnene huitwa mvivu, mwembamba huitwa dhaifu. Na wasemao hivyo hawana shahidi ila macho. Hata mizani ikiletwa, huulizwa swali moja, ikajibu hilo moja, kisha watu wakadai kuwa imejibu yote.

Nimepata kufundisha mahali ambapo wanafunzi walipimwa uzito hadharani na nambari zao zikasomwa kwa sauti. Msichana mmoja wa miaka 15, ambaye katika mbio za mita 400 hakuwa na mpinzani, alionekana mzito kuliko wenziwe wa kimo chake. Wakamcheka. Tangu siku hiyo akawa akimpa jirani yake chakula cha mchana, na alasiri akilaza kichwa juu ya dawati. Nilipolijua jambo hilo nilimwita, nikamweleza haya ninayokueleza wewe.

Uzito ni jumla, na jumla haitaji vilivyojumlishwa. Mwilini mna mafuta. Mna pia misuli, mifupa, damu na viungo vya ndani. Kipimo mashuhuri hugawanya kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Asili yake ni hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet za mwaka wa 1832, aliyetafuta wastani wa watu wengi. Kinafaa kwa kuchunguza umma, na kwa vijana husomwa pamoja na umri na jinsia yao; lakini hakiwezi kupambanua mafuta na misuli.

Wataalamu wanayo njia ya kupambanua. Mafuta hayana maji karibu hata kidogo. Sehemu nyingine ya mwili, kwa mtu mzima mwenye afya, ni maji kwa kadiri ya asilimia 73. Basi mtu hunyweshwa kiasi kilichopimwa cha maji yenye hidrojeni nzito, isiyo na mionzi. Baada ya saa chache mate yake huchunguzwa. Kama kijiko cha rangi kinavyofifia zaidi katika pipa kuliko katika ndoo, ndivyo kufifia kwa hidrojeni ile kunavyofichua wingi wa maji mwilini. Tuseme watu wazima wawili wana kilo 60 kila mmoja. Wa kwanza ana kilo 30 za maji, wa pili ana 35. Kwa hesabu hiyo, wa kwanza ana mafuta kilo 19 hivi, na wa pili kilo 12 hivi. Mizani imewaita sawa, maji yamewatenga.

Swali la pili ni hili: mwili hutumia nishati kiasi gani? Katika miaka ya 1890, Mmarekani Wilbur Atwater aliwaweka watu katika chumba maalumu kwa siku kadhaa apate kupima joto lao. Lakini nani aishiye chumbani kama aishivyo shambani? Mwaka wa 1955 Nathan Lifson na wenzake walieleza njia nyingine, waliyoijaribu kwa panya: maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito pia. Hidrojeni hutoka mwilini pamoja na maji. Oksijeni hutoka kwa maji, na tena kwa pumzi ndani ya kaboni dioksidi. Tofauti ya kutoka kwake huonyesha kiasi cha kaboni dioksidi iliyotolewa, na hiyo ni kama moshi unaotaja kuni zilizoteketea. Siku hizi mtu hunywa maji hayo, akaenda zake kazini, akaleta mkojo wake siku zilizopangwa.

Njia hii ilitumiwa kwa Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Matokeo aliyoyatoa Herman Pontzer na wenzake mwaka wa 2012 yalishangaza wengi. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu 6; hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipohesabiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuipita ile ya watu wa Ulaya na Marekani. Hii si hoja ya kuacha mazoezi, maana mazoezi huimarisha moyo na misuli. Ni hoja ya kuacha kiburi. Moyo, ubongo, ini na figo hutumia nishati hata tulalapo, na mwili wa kijana unajengwa kila siku. Kazi hiyo hakuna jicho liionalo.

Kwa hiyo nakusihi, usijinyime chakula kwa sababu ya nambari moja, wala usimcheke mwenzako kwa nambari yake. Ukiwa na shaka juu ya afya yako, mwendee muuguzi au daktari. Kipimo kiliundwa kimfae mtu. Kikimwaibisha, kosa si la mizani, ni la aliyeisoma.